Upande Huu wa Pazia

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Winfrida wa umoja wa kina mama kanishauri niandike kila siku mpaka Pasaka, hata kama ni mstari mmoja, ili moyo upate pa kumwagia. Nikamwambia moyo wangu si ndoo. Akacheka, akasema haya, andika hilo hilo. Basi nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua.

Jumamosi, 8 Machi
Kaka yangu Ezron kapiga simu kutoka Makete. Anasema nimekaa vya kutosha. Mume wangu Lugano tulimzika Oktoba, mtoto hatukujaliwa, sasa nabaki hapa Nkunga kwa nani? Atakuja kunichukua Jumatatu ya Pasaka na gari la rafiki yake, mimi na cherehani yangu. Nikamwambia njoo.

Nilipokata simu nilikaa barazani nikiangalia migomba inavyopigwa na mvua, nikajiuliza ni nani hapa atakayejua kwamba nimeondoka. Baba mkwe atajua, maana chakula hakitatokea tena chini ya pazia. Zaidi ya hapo sijui kama mimi ni mtu wa nyumba hii au nilikuwa mtu wa Lugano tu.

Jumapili, 9 Machi
Nieleze hili la pazia, nisije nikasoma haya uzeeni nikadhani nilichanganyikiwa.

Wanyakyusa wa zamani wana mwiko kati ya mkamwana na baba mkwe. Hamtazamani usoni, hamkai chumba kimoja, hamsemeshani, na jina lake halipiti mdomoni mwako. Vijana wa sasa wameuacha na wachungaji wanasema umepitwa na wakati, lakini Baba ni mtu wa juzi na hana mpango wowote wa kuhamia leo. Lugano alipokuwa hai haikuwa shida. Yeye ndiye aliyebeba sahani, na yeye ndiye aliyebeba maneno. Mimi nilimjua Baba kwa kofia yake, mgongo wake na viatu vyake vya mvua mlangoni.

Baada ya msiba wifi yangu Marita alikaa nasi hadi Krismasi, kisha akarudi kwa mumewe huko Kyimo. Tukabaki wawili. Nikachukua kitambaa cha rangi ya damu ya mzee kilichobaki kwenye sare za kwaya, nikashona pazia, nikalitundika kati ya jiko langu na sebule yake. Upindo wa chini niliuinua kidogo ili sahani ipite. Nagonga sakafu, nasukuma sahani, narudi kwenye kigoda changu. Hivyo ndivyo tunavyoishi, Wakristo wawili, kila Jumapili benchi tofauti.

Jumanne, 11 Machi
Mzee ana paka. Akitaka kitu anamwambia paka, kwa sauti ya kunifikia mimi. Leo kasema, "Gwe paka," yaani wewe paka, "chumvi imekimbilia wapi leo?" Nikasukuma chumvi. Paka hajawahi kuleta chochote, lakini ndiye anayesifiwa.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeshona makoti mawili ya wanakwaya. Mvua.

Jumamosi, 15 Machi
Nimekasirika na sitaki kujizuia. Nilikwenda kwenye kaburi la Lugano, pale kwenye migomba nyuma ya zizi. Udongo umetitia kwa mvua, hilo nililitegemea. Lakini msalaba umeota majani. Yamechipua kwenye mkono wa kulia, mabichi, yanang'aa.

Siku ya mazishi msalaba aliuleta Baba. Nilidhani angeagiza mbao kavu kwa fundi wa Tukuyu, zikapigwa randa, zikapakwa rangi, jina likaandikwa. Kumbe alitoka na panga, akakata mti wa uzio, akaufunga kwa waya. Mti wa uzio! Kila mtu hapa anajua kwamba ardhi hii ukichomeka fimbo ya kutembelea, kesho unakuta imeota. Mwanawe wa pekee wa kiume akampa nguzo ya banda la kuku.

Nikayakwanyua majani yote, nikayatupa.

Jumanne, 18 Machi
Ackson, jirani anayetusaidia kupunguza majani ya migomba, kaniuliza huku akicheka kama nimeuona msalaba wa Lugano ulivyoota. Anasema kuna mama kutoka juu huko kasimama njiani akaomba. Nikamwambia kama huo ni muujiza, basi uzio wangu mzima ni kanisa.

Ijumaa, 21 Machi
Yameota tena. Nimekwanyua tena.

Jumapili, 23 Machi
Marita amekuja na parachichi na habari za Kyimo. Akanisalimia kama kawaida yao, "Ugonile?" Huwa wanaulizana hivyo hata jua likiwa utosini, wakati maana yake ni umelala? Nilipokuwa bibi harusi nilimuuliza Lugano kwa nini watu wa kwao wanadhani kila mtu katoka kitandani. Akasema, "Sisi tunaulizana kama tumeamka. Ukijibu, umeamka." Alikuwa na majibu ya namna hiyo, ya kumfanya mtu asahau swali.

Nikamuuliza Marita kama baba yao ananilaumu kwa kifo cha Lugano. Homa ilimchukua ndani ya wiki moja, na aliyekuwa akimuuguza ni mimi. Marita akasema, "Muulize mwenyewe." Tukatazamana, tukatazama pazia, tukacheka mpaka nikalia.

Jumamosi, 29 Machi
Mvua. Paka kaambiwa kwamba uji una moshi.

Jumatano, 2 Aprili
Nimekwanyua. Mara hii niliona aibu kidogo, sijui mbele ya nani. Nimeshaongea na fundi wa Tukuyu, ana mbao kavu. Nikiondoka nataka niache msalaba wa heshima.

Jumapili, 6 Aprili
Mwinjilisti Gidion alihubiri juu ya wanawake waliokwenda kaburini asubuhi na manukato. Akasema walikwenda kumhudumia maiti kwa sababu ndilo jambo pekee lililobaki mikononi mwao. Nilimwelewa sana. Mimi huduma yangu ni kukwanyua majani.

Jumanne, 8 Aprili
Barabara imekatika kwa maporomoko upande wa Kyimo. Marita hawezi kuja. Mtandao nao unakuja na kuondoka.

Jumapili, 13 Aprili
Matawi. Watoto wameimba wakizunguka kanisa kwenye matope mpaka magotini.

Jioni nimesukuma sahani, nikasikia paka anaambiwa maneno marefu kuliko kawaida. "Gwe paka, macho yangu yameisha. Juma la mateso limeanza, kanisani kuna masomo kila jioni na mimi njia hii ya utelezi siiwezi. Mwaka jana mtoto wangu alinisomea, kila siku sehemu yake, mpaka Pasaka. Sasa mimi na wewe tutafanyaje, na wewe hujui kusoma?"

Sikusubiri. Nilileta Biblia ya Lugano, nikaketi na kigoda changu karibu na pazia, nikasoma habari za mwanapunda na watu waliotandika nguo zao njiani. Nilipomaliza nikafunga kitabu. Kisha paka akaambiwa kwamba sauti ilikuwa nzuri ila haraka.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimesoma polepole. Meza za wavunja fedha zilipopinduliwa nilisikia mzee akicheka kwa puani. Lugano alicheka vivyo hivyo. Nikapotea mstari.

Jumanne, 15 Aprili
Nimesoma. Paka kaulizwa kama yule mama aliyemmiminia Bwana marhamu kichwani alikuwa mjane. Nikamjibu paka kwamba haikuandikwa. Mzee akasema, "Alikuwa."

Jumatano, 16 Aprili
Naisubiri jioni ifike, sitaki kusema uongo humu. Nimepika ndizi za mbalaga na maharage, sahani imerudi tupu.

Alhamisi, 17 Aprili
Bustani ya Gethsemane. Bwana aliwaomba rafiki zake wakeshe naye, wakalala. Nilisoma nikiwa na hasira na wale wanafunzi, kisha nikakumbuka kwamba tangu Krismasi kuna mzee aliyefiwa upande wa pili wa kitambaa, nami sikuwahi kumuuliza hata paka kama mwenyewe analala.

Ijumaa, 18 Aprili
Ijumaa Kuu. Hatukwenda kanisani, mvua ilifunga njia. Tulianza kusoma mchana, na bati lilikuwa linapiga kelele hata ikanibidi nisome kwa sauti ya mnadani. Baba alikuwa akikohoa. Nilisogeza jiko la mkaa karibu na pazia ili joto limfikie kwa chini.

Nikasoma taji la miiba, nikasoma kura walizopiga juu ya vazi lake. Hapo mimi kama fundi huwa natua, kwa sababu Yohana anasema kanzu ile haikuwa na mshono. Mtu aliifuma vile, pengine mama yake, na askari wakaitazama tu kama mali. Nikasoma kilio chake. Nikasoma kwamba alikata roho, na kwamba pazia la hekalu likapasuka vipande viwili kuanzia juu mpaka chini.

Nikashindwa kuendelea. Lilikuwa hapo mbele ya pua yangu, pazia langu, la rangi ya damu ya mzee, upindo wake nimeupiga mimi.

"Gwe paka," Baba akasema, "mbona msomaji kanyamaza?"

Nikasema, "Paka, mwambie Baba nimefika kwenye pazia."

Akakohoa. Kisha akamuuliza paka ni nani aliyelichana.

Nikamjibu kile ninachokijua. Nikasema pazia lililotundikwa, mtu akitaka kulichana, anashika chini, maana ndiko mkono unakofika. Hili limechanika kuanzia juu. Aliyelichana alikuwa juu.

Mvua ilipiga kwa muda mrefu. Ndipo Baba akasema, taratibu, "Basi aliye chini hakuvunja kitu."

Sijui alikuwa anaongea na paka, na mimi, au na baba zake. Mimi nilipata ujasiri ambao sijawahi kuwa nao katika nyumba hii. Nikasema, "Paka, muulize Baba kwa nini msalaba wa mume wangu aliukata uzioni."

Nilidhani nimeharibu. Lakini alijibu mara moja, utadhani alikuwa ameshika jibu mkononi tangu Oktoba. Akasema mti ule aliupanda Lugano akiwa darasa la pili. Alitumwa achomeke ufito pale penye pengo, akauchomeka kichwa chini miguu juu, watu wazima wakamcheka, na ufito ukaota hivyo hivyo. "Mbao za Tukuyu sikujua zimetoka kwa nani," akasema. "Nilitaka kitu kilichopita mikononi mwake. Kuota sikukuwaza. Kisha nikaona majani, nikafurahi peke yangu. Sasa kila nikienda kuyapapasa nakuta yameliwa. Nadhani ni mbuzi."

Nilijifunika uso kwa kanga. Nikasema, "Paka, mwambie Baba kwamba huyo mbuzi anaomba radhi. Hakujua."

Nikasikia tena kile kicheko cha puani, kisha kikaishia kwenye kikohozi, na kikohozi nadhani kikaishia kwenye kilio, kwa sababu kilikuwa kirefu. Mimi nami nililia. Tulimlilia Lugano pamoja kwa mara ya kwanza, na kitambaa katikati.

Nilipokuwa naondoa jiko akasema, "Gwe paka, nasikia gari linakuja Jumatatu."

Nikasema linakuja.

"Sasa wewe utakula wapi?" akamuuliza paka.

Jumamosi, 19 Aprili
Leo hakuna somo. Bwana yuko kaburini. Nimekunja nguo zangu, nimefunga cherehani kwa turubai. Paka hakuambiwa kitu kutwa nzima.

Nimewaza wanafunzi siku ya leo walivyokaa. Sisi tunaijua kesho, kwa hiyo huzuni yetu ya Jumamosi ina mlango. Wao hawakujua kama kuna kesho ya namna hiyo. Kwao ilikuwa imekwisha, na mvua, kama ilikuwepo, iliendelea kunyesha. Mimi nipo pamoja nao. Naamini ufufuo, nimeuimba tangu utoto, lakini leo nikimuwaza Lugano naona udongo uliotitia tu, na naomba nisamehewe.

Sitaki tena msalaba wa mbao kavu. Nimempigia fundi. Kesho mapema, kabla ya ibada, nitakwenda kukata chipukizi moja kwenye ule msalaba niende nalo Makete. Huko kuna baridi, lakini labda litashika.

Jumapili, 20 Aprili
Niandike taratibu, nisiache kitu.

Matarumbeta yalianza kabla hapajapambazuka, kule kanisani, yakawa yanazunguka vitongojini kuwaamsha watu kama kila mwaka. Mvua ilikuwa imekatika. Nilivaa, nikachukua kisu, nikapita nyuma ya zizi. Ukungu ulikuwa mzito, migomba niliiona kwa kuigusa.

Pale kaburini palikuwa na mtu ameinama na jembe. Mgongo tu ndio niliouona, na koti la mvua. Nikadhani ni Ackson, nikashangaa anafanya kazi Pasaka. Nikaona udongo umejazwa vizuri, umepigwa ukasawazishwa. Nikainua macho kwenye msalaba, na lile chipukizi kubwa la mkono wa kulia halikuwepo. Limekatwa. Nikaanza kulia pale pale, kwa kitu kidogo hivyo. Nikasema, "Ackson, kama ni wewe uliyelikata, niambie umeliweka wapi, nilichukue."

Mtu akageuka. Hakuwa Ackson.

Kwa mwiko nilipaswa kugeuka na kukimbia, na mguu wangu mmoja ulikwisha kugeuka. Lakini nilikuwa nimeshamwona usoni. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa sijawahi. Ulikuwa uso wa Lugano. Macho yake yaliyozama kidogo, pengo dogo la meno ya mbele, sikio moja limesimama kuliko jingine. Ni Lugano aliyezeeka, Lugano ambaye nilidhani sitamwona kamwe, amesimama na jembe kwenye ukungu, na chipukizi mkononi.

Hakutafuta paka. Hakutazama pembeni. Akanitazama kwa yale macho yake yaliyochoka, akasema, "Agness."

Sikujua kama analijua jina langu.

"Agness, ugonile?"

Nilikumbuka Lugano alivyoniambia, kwamba ukijibu, umeamka. Nikasema, "Ngonile, Tata," nimelala, Baba. Nikasema tena, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka yote.

Akaniambia lile chipukizi alitaka kulipanda mlangoni kwangu, upande wa jikoni, kabla sijaamka. Akasema kama nakwenda, basi itabidi alitunze yeye, na macho hana. Hakuniomba nibaki. Alinyoosha tu mkono wenye lile chipukizi, nami nikalipokea, na vidole vyetu vikagusana, na hakuna aliyekufa.

Tulikwenda kanisani pamoja, yeye ameshika bega langu kwa sababu ya utelezi. Watu walitutazama. Winfrida aliziba mdomo kwa mkono. Mwinjilisti Gidion alipotangaza kwamba Bwana amefufuka, kanisa zima likajibu, na Baba alijibu kwa sauti kubwa kuliko wote, akiwa benchi moja na mimi. Jana niliandika kwamba naona udongo tu. Siufuti ule mstari, ulikuwa kweli kwa jana.

Jumatatu, 21 Aprili
Ezron amefika mchana, gari limejaa matope mpaka kwenye vioo. Akakuta cherehani imefunguliwa na nimepiga nusu ya mshono. Akaniuliza kulikoni. Kabla sijajibu Baba akatoka barazani, akavua kofia, akampa mkono. "Mimi naitwa Ambindwile," akasema. "Mimi ni baba yake Agness."

Ezron alinitazama. Nadhani aliona jibu usoni mwangu, kwa sababu alikaa chini na kuomba maji. Ameondoka na mkungu wa ndizi na parachichi, na hakununa sana.

Jina la Baba nimeliandika, ndiyo. Nililisikia kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya ndugu yangu. Pazia nimelishusha, nitamshonea mto wa kukalia kanisani. Chipukizi nimelipanda mlangoni, sikukumbuka kuangalia kichwa kiko wapi na miguu iko wapi.

Jioni tumekula meza moja. Mvua imerudi. Baba akaonja maharage, akatulia, akasema, "Agness, chumvi imekimbilia wapi leo?"

Paka aliinua kichwa, akaona si yeye anayeulizwa, akalala tena.